Roma kwa Kufuata Kivumishi Kimoja

Kitu cha kwanza kunisemesha Roma kilikuwa mfuniko wa chuma barabarani. Tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka stesheni ya Termini, mimi na Padre aliyekuja kunipokea. Yeye alitangulia kwa mwendo wa mtu aliyeuzoea mji, mimi nikiburuta sanduku langu juu ya vijiwe vyeusi vya barabara visivyopatana kabisa na magurudumu. Nikainamisha macho nisijikwae, nikaona herufi nne zimejitokeza kwenye mfuniko wa mtaro: S.P.Q.R. Hatua chache mbele kulikuwa na mfuniko mwingine wenye herufi zile zile. Tukafika penye bomba fupi la chuma linalomwaga maji ya kunywa usiku na mchana, wala hakuna anayelifunga. Nalo lilikuwa na herufi hizo hizo.

“Padre, herufi hizi ni za nani?”

“Za mji wenyewe, kaka. Senatus Populusque Romanus. Baraza la Wazee na Umma wa Kirumi. Manispaa wanaziandika mpaka leo.”

Nilifurahi kuliko msafiri wa kawaida anavyoweza kufurahia mfuniko wa mtaro, na sababu nilikuwa nayo. Wengine huja Roma kuhiji, kusoma au kutazama majengo. Mimi nilikuja kwa ajili ya kivumishi. Bibi yangu aliimba Misa ya Kilatini tangu utotoni hadi miaka ya 1960, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungulia lugha za watu mlango wa ibada. Hata uzeeni alipepeta mchele huku akiimba Magnificat, na kinywani mwake lilikuwa “Manyifikat”, kama Kanisa linavyolitamka, kwa ny ile ile ya nyumba na nyama. Baadaye nilikuta kitabu cha zamani cha sarufi ya Kilatini katika maktaba ya misheni, nikawa najisomea jioni baada ya kazi. Jedwali la kwanza la vivumishi lilikuwa la neno magnus, yaani “-kubwa”.

Jedwali hilo lilinitia kizunguzungu. Kivumishi cha Kilatini hubadilika kwa jinsi tatu: ya kiume, ya kike, na isiyo ya kiume wala ya kike. Hubadilika kwa umoja na wingi. Tena hubadilika kwa kazi sita za neno katika sentensi: anayetenda, mwenye kitu, anayepewa, anayetendewa, anayeitwa, na kile kinachotumika kutendea. Ukizidisha unapata nafasi 36. Maumbo mengine hujirudia, hivyo yanayoandikwa kwa magnus ni 13 tu, lakini kwa mtu anayesoma peke yake chini ya taa 13 si machache. Nikatamani kuyaona yakiwa kazini, nje ya jedwali. Na Roma ni mji ambao watawala na mapapa wameandika kwenye kuta zake kwa zaidi ya miaka 2,000.

Mfuniko ule ulikuwa umenipa somo la kwanza kabla sijafungua sanduku. Romanus ni kivumishi. Populus, yaani umma, ni nomino ya kiume, kwa hiyo kivumishi chake kinaishia -us. Amani ni neno la kike, ndiyo maana husemwa Pax Romana. Uwanja wa mikutano na masoko si wa kiume wala wa kike, ndiyo maana ni Forum Romanum. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa kwamba maneno yanaweza kupatana hivi. Sisi tukisema kiti, lazima kiwe kikubwa. Tukisema miti, lazima iwe mikubwa. Tofauti ni upande wa mlango: Kiswahili hupatanisha mwanzoni mwa kivumishi, Kilatini hupatanisha mwishoni. Nililala nikirudiarudia miisho hiyo kwa furaha, na usingizi ulichelewa kuja.

Asubuhi Padre alisema tuanzie mahali ambapo kivumishi kimoja kina mabwana watatu, wote ndani ya mwendo mfupi wa miguu. Tulipanda treni ya chini ya ardhi mpaka kituo cha Circo Massimo, tukatokea juani. Nilitazamia kuta ndefu na ngazi za mawe. Nilichokuta ni bonde refu la nyasi, kama mita 600 kutoka mwisho hadi mwisho, kati ya vilima vya Palatino na Aventino. Wazee walikuwa wakitembeza mbwa, vijana wakikimbia mazoezi, na mawe machache yaliyofukuliwa yakionekana upande mmoja. Huu ndio Circus Maximus, uwanja wa mbio za magari ya farasi uliopokea watazamaji zaidi ya 150,000. Nilishuka mpaka katikati, nikasimama pale farasi walipokuwa wakipita, nikajaribu kuijaza ile miteremko miwili kwa watu. Sikuweza. Jicho langu limezoea viwanja vya mpira, na pale ningehitaji kuvijaza viwili au vitatu kwa mpigo.

Maximus ni ngazi ya juu kabisa ya magnus. Kilatini hupanda hivi: magnus, maior, maximus, yaani kubwa, kubwa zaidi, kubwa kuliko vyote. Kiswahili hakina ngazi hizo ndani ya neno lenyewe. Sisi huita msaada wa “zaidi” na “kuliko”. Hata hivyo ngazi ya kati imetufikia kwa njia ya mbali. Neno maior lilipita katika lugha za Ulaya, likatua kwetu kwa mlango wa Kiingereza, nasi tukalipokea mara mbili: meya wa jiji na meja wa jeshi. Wote wawili, kwa asili ya majina yao, ni “mkubwa zaidi”.

Kutoka bondeni tulitembea hadi kanisa la Santa Maria in Cosmedin. Barazani wageni walikuwa wamepanga foleni ndefu ili watie mkono katika kinywa cha uso mkubwa wa jiwe, ambao masimulizi yanasema huwauma waongo. Sisi tulipita, tukaingia kanisani, tukashuka kwenye kikanisa cha chini ya ardhi. Dari lilikuwa karibu na kichwa, hewa ya baridi yenye harufu ya udongo. Huko kuna matofali makubwa ya mawe ambayo wataalamu wengi huyahusisha na Ara Maxima, madhabahu ya Herkule, iliyokuwapo mtaa huu ulipokuwa soko la ng’ombe. Nilikaa pale kwa muda nikilitazama lile jiwe la kijivu. Ara ni neno la kike, na kivumishi kilichokuwa maximus kule juani, huku chini kimekuwa maxima.

Kisha tukatoka hadi daraja la Ponte Palatino, Padre akaniambia niegemee ukingo na nitazame ukuta wa mto. Chini, kati ya vichaka, palikuwa na tao la mawe lililofunguka kuelekea Tiber. Huo ndio mdomo wa Cloaca Maxima, mfereji wa maji machafu ambao mapokeo ya Warumi yanausema ulianzishwa na wafalme wa ukoo wa Tarquinius, karne ya 6 kabla ya Kristo, ili kukausha kinamasi kilichokuja kuwa Forum. Mji haukuwezekana mpaka maji yale yapate njia. Nilistaajabu kwamba sifa moja inayopamba uwanja wa michezo na madhabahu imepewa pia mtaro wa uchafu, tena bila haya yoyote.

“Sasa niandikie hivyo vitatu kwa Kiswahili,” Padre akasema.

Nilitoa daftari palepale darajani, na kazi ikawa ngumu kuliko nilivyodhani. Kilatini kina neno moja, magnus, kwa mambo ambayo sisi tumeyagawa mawili. Tuna -kubwa kwa ukubwa unaopimika kwa macho, na -kuu kwa cheo, heshima na nafasi ya kwanza. Nyumba kubwa si nyumba kuu. Barabara kuu inaweza kuwa nyembamba, Ijumaa Kuu ina saa 24 kama ijumaa nyingine, na mkuu wa shule anaweza kuwa mfupi kuliko wanafunzi wake. Mrumi hakulazimika kuchagua, mimi nililazimika. Circus Maximus nikauandika Uwanja Mkubwa Kabisa, kwa sababu ya lile bonde. Ara Maxima nikaiandika Madhabahu Kuu, kwa sababu jiwe lile halikutukuzwa kwa vipimo. Kwenye mfereji nikasita, kisha nikaandika Mfereji Mkuu, kwa kuwa mitaro mingine mingi ilimwaga ndani yake.

“Na wazee?” Padre akauliza. “Warumi waliwaita mababu zao maiores.”

“Wakubwa zetu!” nikasema, na mtu aliyekuwa akipita akageuka kututazama. Hapo lugha zetu zimekutana kabisa. Kwetu mkubwa ni aliyetangulia kuzaliwa, hata kama mdogo wake amempita kimo, na Mrumi naye alipotaka kusema desturi ya wazee alisema mos maiorum, desturi ya waliokuwa wakubwa kuliko sisi.

Siku iliyofuata tulipanda kilima cha Kapitolino. Ndani ya makumbusho ya huko juu kuna ukuta mnene wa mawe, sehemu ya msingi wa hekalu la Jupiter ambalo Warumi walisema liliwekwa wakfu mwaka 509 kabla ya Kristo. Mungu huyo aliitwa Iuppiter Optimus Maximus, Mwema Kuliko Wote na Mkuu Kuliko Wote. Kuta za hekalu hazipo, sanamu haipo, waabudu hawapo. Msingi umebaki, na zile sifa mbili zimebaki. Nilikuja kukutana nazo tena mahali ambapo sikuzitazamia.

Tukateremka kwenye Forum, jua likiwa kali na vumbi jeupe likitushika viatuni. Maandishi ya mawe yananyima msomaji mgeni mambo mawili: hayana nafasi za kutosha kati ya maneno, na hayana U. Warumi wa kale waliandika V kwa sauti zote mbili, ndiyo maana unasoma ROMANVS na POPVLVS. Nilihitaji muda mbele ya kila ubao, nikisogeza kidole hewani herufi kwa herufi, huku Padre akiningoja kivulini kwa subira ya mwalimu.

Tao la Tito, lililojengwa baada ya mfalme huyo kufa mwaka 81, ndilo lililonifungulia jedwali langu. Maandishi yake ni machache. Yanasema kwamba Baraza na Umma wa Kirumi wamelitoa DIVO TITO DIVI VESPASIANI F, kwa Tito aliyetukuzwa kuwa mungu, mwana wa Vespasiano aliyetukuzwa kuwa mungu. Sifa ni ile ile, divus, imeandikwa mara mbili katika mstari mmoja, na kila mara ina mwisho wake. Divo yenye -o ni ya anayepewa: tao hili ni kwa Tito. Divi yenye -i ni ya mwenye kitu: Tito huyu ni wa Vespasiano. Hakuna neno “kwa” wala neno “wa” juu ya jiwe lile. Herufi moja ya mwisho inafanya kazi ambayo kwetu hufanywa na neno zima. Nilikuwa nimezikariri -i na -o kwa miezi, na zilikuwa zimekaa kichwani kama namba za simu. Mbele ya tao zikawa uhusiano wa baba na mwana na umma unaotoa zawadi.

Hatua chache kutoka hapo, kando ya Koloseo, kuna Tao la Konstantino la mwaka 315. Huko nilikikuta tena kivumishi changu: CONSTANTINO MAXIMO, kwa Konstantino aliye mkuu kuliko wote. Nilitulia nikalitafakari neno hilo. Watawala wengi wa Roma walipenda kuitwa kwa ngazi ya juu, na Baraza lililoandika sifa ile lilikuwa likimsifu mtu aliyekuwa ametoka kushinda vita dhidi ya mwenzake mlangoni mwa mji. Ukuu unaodaiwa na neno maximus unaweza kubishaniwa, kwa kuwa sifa hutolewa kwa hofu, kwa shukrani, au kwa kutaka kupendelewa. Lakini -o ya mwisho haina ubishi. Inasema kwa uhakika sifa hii imekabidhiwa nani, na imesema hivyo kwa miaka zaidi ya 1,700 juani na mvuani. Kuanzia pale nilianza kusoma kila ubao kwa macho mawili, moja likitazama sifa inadai nini, jingine likitazama sifa ni ya nani.

Nilitaka kujua pia kwa nini Warumi walihangaika na miisho mingi hivyo, na jibu nililipata kwenye maji ya Trevi. Tulifika jioni. Niliambiwa ni chemchemi, nikatazamia kisima. Nikakuta ukuta mzima wa kasri umegeuzwa miamba, farasi na miungu ya bahari, maji yakinguruma chini yao hata tukalazimika kuinua sauti. Umati ulijaa ngazi zote. Watu walikuwa wakirusha sarafu mgongo ukielekea majini, mimi nikainua shingo kusoma ubao wa juu wa Papa Clemens wa XII, wa mwaka 1735. Unasema kwamba Papa aliyapamba maji yaitwayo AQVAM VIRGINEM, kisha yanafuata maneno yanayotaja wingi na uzuri wa maji kwa afya, ndipo linakuja COMMENDATAM, “yaliyosifika”. Sifa hiyo imetengana na maji yake kwa maneno matatu, lakini -am yake inaitika -am ya aquam, na msomaji hapotei.

Padre akanieleza kwa mfano ambao sitausahau. Katika harusi ya kwetu, akasema, upande wa bibi harusi huvaa sare yao na upande wa bwana harusi huvaa yao. Wakitawanyika uani, mmoja jikoni, mwingine getini, mwingine akicheza ngoma katikati ya wageni wasio wake, bado ukiona kitambaa unajua huyu ni wa nani. Ndivyo kivumishi cha Kilatini kinavyoweza kusimama mbali na nomino yake. Kwetu kivumishi hufuata nomino kwa karibu. Mrumi alikiachia uhuru wa kutembea kwa sababu alikwisha kukivika sare. Nikatazama tena ubao, na maneno niliyoyaona yamechanganyika yakajipanga yenyewe kwa familia. Maji hayo hufika pale kwa mfereji ulioanzishwa na Mrumi Agrippa mwaka 19 kabla ya Kristo. Niliyaonja kwenye bomba la pembeni, yakawa baridi na matamu.

Makanisani ndiko nilikokutana tena na Jupiter, au tuseme na nguo zake. Juu ya milango na kwenye makaburi ya sakafuni kuna herufi tatu, D.O.M. Padre hakunisaidia, aliniacha nizisome mwenyewe. Deo Optimo Maximo: Kwa Mungu, Mwema Kuliko Wote, Mkuu Kuliko Wote. Sifa mbili za hekalu la Kapitolino zimehamia kwa Mungu wa Wakristo, na zimepata miisho ya anayepewa, kwa kuwa kila kanisa ni sadaka inayoelekezwa kwake. Nilifikiri juu ya waumini waliochukua maneno ya kipagani bila kuogopa kwamba maneno yatawachafua. Walijua kwamba neno hufuata lile linalolisifu.

Kadhalika cheo cha pontifex maximus, kuhani mkuu wa dini ya kale ya Roma. Julius Caesar alikishika tangu mwaka 63 kabla ya Kristo, Augusto akakitwaa baadaye, na mwishowe kikaja kuwa sifa ya mapapa. Ukitembea Roma utakiona kimefupishwa kila mahali, PONT MAX: kwenye malango, madaraja, chemchemi. Uwanjani pa Mtakatifu Petro nilisimama katikati ya mahujaji wa lugha zote, nikasoma paji la uso la basilika: PAVLVS V BVRGHESIVS ROMANVS PONT MAX, na mwaka 1612. Ukubwa wa jengo ulinikata pumzi, maana kanisa langu la parokia lingeweza kuingia ndani pamoja na mnara wake wote na bado ndege wakapata mahali pa kuruka. Lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba nilisoma bila msaada. MAX halina mwisho, mchongaji ameuacha. Anamtumaini msomaji aujue, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliotumainiwa.

Kabla sijaondoka, Padre, ambaye ni mtu wa Bukoba, alitaka anipeleke mahali pake. Tulivuka mto hadi Trastevere, mtaa wa vichochoro vyenye nguo zinazoning’inia madirishani na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, tukafika kanisa la San Francesco a Ripa. Hili ndilo kanisa alilopewa Kardinali Laurean Rugambwa, mtu wa kwao, mwaka 1960, alipofanywa kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama zetu. Padre alipiga goti kwa muda mrefu. Nami nikamwombea bibi yangu, aliyekuwa bado akiimba kwa Kilatini mwaka ule.

Jina kamili la kanisa ni San Francesco d’Assisi a Ripa Grande, na hapo nikapata jambo jipya la safari yangu. Ripa Grande ni Ukingo Mkubwa, bandari ya mtoni ya zamani. Mbona si magna? Kwa sababu Waitalia wa leo wamekiacha magnus. Katika usemi wa kila siku neno grandis lilichukua nafasi yake, likawa grande, na magnus kimebaki katika majina, vyeo na mawe. Niliwasikiliza wauza matunda sokoni, kila kikubwa kwao kilikuwa grande. Miisho nayo imepungua: Mwitaliano bado hupatanisha kiume na kike, umoja na wingi, lakini ile -o ya anayepewa na -i ya mwenye kitu zimeondoka, na kazi yao sasa inafanywa na vijineno kama “kwa” na “wa” vya kwetu. Nilihuzunika kidogo, kisha nikafarijika, maana lugha ya watoto wa Warumi katika jambo hilo imesogea karibu nasi.

Karibu na hapo, chini ya kilima cha Janiculum, iko bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Sapienza. Niliingia kupumzisha miguu na macho, nikakuta bado niko darasani, kwa kuwa kila mti umepewa kibao cha Kilatini. Mkongwe wao ni Platanus orientalis, mti wa mamia ya miaka wenye shina ambalo watu kadhaa hawawezi kulikumbatia. Nje ya bustani, misonobari ya Roma imetandaza vilele vyake kama dari juu ya barabara. Majina ya miti hiyo yananukia kiume, Platanus na Pinus, yote kwa -us. Lakini vivumishi vinakataa. Msonobari mweusi ni Pinus nigra, si niger. Kwa Mrumi karibu miti yote ilikuwa ya kike, nomino iwe na mwisho wowote. Nilicheka kwa furaha, kwa kuwa hata sisi miti tumeitengea ngeli yake, tukaiita m- na mi-.

Jioni tuliteremka ngazi hadi ukingo wa Tiber. Padre akavuta tawi la mti uliojiotea kando ya maji, akageuza jani, na upande wa chini ukang’aa mweupe.

“Huu ni populus,” akasema.

“Kama ule wa S.P.Q.R.?”

“Kwa maandishi, sawasawa. Kwa kutamka, o ya mti ilikuwa ndefu na o ya umma fupi, lakini jiwe halitamki. Utajuaje ni watu au ni mti?”

Nilijua. Populus Romanus ni umma. Populus alba, yenye -a ya kike, ni mti mweupe huu tulioushika. Nomino mbili zimefanana sura, na kivumishi ndicho kinachosema ukweli.

Tulikaa juu ya jiwe tukajaribu jambo hilo kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipoijua lugha yangu upya. Mtu mkubwa, mti mkubwa: kwetu kivumishi katika umoja hakitofautishi! M- ya watu na m- ya miti zimefanana. Lakini subiri kitenzi. Mtu mkubwa ameanguka. Mti mkubwa umeanguka. Au subiri wingi: watu wakubwa, miti mikubwa. Nimezungumza Kiswahili maisha yangu yote, na ilinibidi nifike ukingo wa Tiber ndipo nione kwamba kila lugha ina mahali ilipoficha ufunguo wake, na kwamba upatanisho hupangwa ili msikilizaji asipoteze anayezungumziwa.

Padre akaniuliza kama miti ya kwetu nayo ina majina ya namna hiyo. Nikamtajia mkwaju. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliuandika mwaka 1753 kuwa Tamarindus indica. Tamarindus limetoka katika Kiarabu, tamr hindi, tende ya Kihindi, na indica maana yake “wa Kihindi”. Kwa hiyo jina zima linaupeleka mti huo India mara mbili. Wataalamu wa mimea leo wanasema asili yake ni Afrika ya kitropiki, ardhi yetu hii tunapotengeneza juisi ya ukwaju. Maana ya kivumishi imekwenda upande. Lakini tazama mwisho wake: nomino inaishia -us kama mwanamume, kivumishi kinaishia -a, kwa sababu aliyekiandika alikumbuka kwamba anausifu mti. Sifa inaweza kukosea nchi, inaweza kumpamba mfalme asiyestahili, inaweza kuhama kutoka kwa Jupiter. Upatanisho umekaa na jambo moja tu, nalo ni kumwambia msomaji, bila kuchoka, ni nani au ni nini kinachosifiwa. Kwa hilo nimekiamini kivumishi cha Kilatini, na nimekiamini zaidi cha kwetu.